Chini ya Landirova

Nchi hii naijua kwa kulala chali.
Karakana yangu iko Shimanzi, nyuma ya matangi ya mafuta,
na kila gari linalorudi kutoka huko mbali
huniangukia machoni kabla halijaniambia linaumwa nini.

Udongo mwekundu ni wa Taru na Tsavo,
huganda kwenye chesisi kama hina ya bi harusi aliyekataa kunawa.
Ule mweusi unaonata ni wa Garsen;
ukikauka hauondoki ila kwa patasi na matusi.
Vijiwe vilivyokwama kwenye kashata za tairi
ni vya Loiyangalani, vyenye meno ya wembe.
Na ule mweupe, laini, wenye chumvi ukiuonja
(nimeuonja, usinicheke)
ni wa Chalbi, jangwa lisilo na njia
kwa kuwa lote ni njia.

Mimi mwenyewe, Famau wa Shebwana,
miaka ishirini na sita ya spana,
mwisho wangu Mariakani, kwenye mizani ya malori.
Hapo hugeuza. Jaribio limetosha.
Breki ni breki, hata pasipo simba.

Daktari Hatim, mng'oa meno wa Kizingo,
kila Agosti alilipakia:
jerikeni nne, turubai, sufuria ya pilau,
mkewe Zahabiya na mto wake wa shingo,
na winchi ambayo, aliapa, hakuwahi kuihitaji.
Waya wake ulirudi umekunjika kila mwaka.
Nilinyamaza.
Mwanamume hasahihishwi winchi mbele ya mkewe.

Alisimama hapa mlangoni, vidole safi kama vya mtoto mchanga,
akinisimulia:
"Famau, kule usiku kimya kinavuma masikioni.
Unazima injini, unasikia bati likipoa,
tik, tik, tik.
Basi. Huo ndio mji mzima."
Nami nikimjibu, "Ekzosi imetoboka."
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mwezi wa Rajabu tulimzika.
Agosti ikaja, na Bi Zahabiya akaja nayo,
funguo amezifunga pembeni mwa leso kama nauli.
"Kuna mtu wa Nyali analitaka. Lioshe.
Lijaribu. Kisha nitajie bei isiyo ya aibu."

Nikaliosha.
Nilipopiga maji chini ya madigadi
ikatoka Taru, ikatoka Garsen, ikatoka Chalbi,
Agosti zote kwa foleni,
zikaingia mtaroni zikielekea Kilindini,
nami nimesimama na mpira wa maji mkononi
kama mwanafunzi aliyefuta ubao kabla hajanakili.

Kesho yake nikalitoa.
Changamwe, Miritini, mlima wa Mazeras bila kikohozi.
Mariakani nikawasha indiketa ya kugeuza,
ikalia tik, tik, tik,
nikaizima.

Samburu. Taru.
Mbele ya Makinoni nikaiacha lami,
nikaingiza ile gia fupi
niliyoifungua na kuifunga mara elfu
nisiwahi kuitumia hata mara moja.
Injini ikashusha pumzi. Gari likateremka korongo kavu
kama mja mzito anayeshuka ngazi, akihesabu.
Miiba ikaukwaruza mlango. Mlango wa watu!
Nikasimama.
Nikaitafuta sababu ya kurudi,
nikapata moja tu: jeki niliyobeba ni ya kuazima, ya Kombo,
na Kombo hasahau.

Simu ikalia.
"Famau, uko wapi?"
"Nalijaribu, bibi."
Akanyamaza. Bati likawa linapoa baina yetu.
"Udongo wa hapo rangi gani?"
Nikachungulia dirishani.
"Mwekundu."
"Basi hujafika," akasema,
akakata.